Mmea wa Papa Ndani ya Debe

Nyumba yetu kijijini Kibabi ilinuka udongo mbichi. Nyumba nyingine za kilimani zilinuka moshi na maharage, na yetu pia, lakini mgeni aliyeingia alinusa kwanza ule udongo, kana kwamba mtu alikuwa amelima palepale ndani. Ulitoka kwenye debe la mafuta lililowekwa karibu na dirisha. Humo ulisimama mmea ambao wengine huuita isale, na majirani zetu wa Kinyarwanda waliuita umuhati: shina jembamba lenye makovu ya majani yaliyoanguka, na juu yake kichwa cha majani marefu yanayong'aa. Haukuwa mmea wa ndani. Kwetu ulipandwa kwenye mipaka ya mashamba na kwenye makaburi, upande wa kichwa, kwa kuwa haufi upesi. Uliingia nyumbani kwa ajili ya Papa, baba yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, Papa aliondoka kwenda kuchimba madini Walikale, upande wa Omate. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye sauti nene iliyosikika kanisani kuliko zote. Aliniambia, "Sifa, usaidie mama yako kupalia. Nitarudia wakati wa kuvuna." Maharage yalivunwa, yakapigwa, yakaanikwa. Aliyekuja ni baba mdogo, ndugu yake, aliyekuwa akichimba pamoja naye. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa. "Mama Sifa," alisema, "mulima ilituangukia. Papa Sifa ameshakufa. Tulimuzika kulekule." Mama alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuchambua, mabovu huku, mazima huku, mpaka ungo ukaisha. Ndipo akalia, na majirani wakaja mbio.

Kesho yake alikwenda mpakani mwa shamba letu la mihogo, ambako Papa mwenyewe alikuwa amepanda safu ya miti hiyo, akakata tawi moja lililokomaa. "Muntu hawezi kulala bila alama," alisema. "Ninaenda kumupandia." Alizungushia mkato nyuzi za mgomba zilizolowa maji, na baba mdogo akatuongoza. Mimi nilikuwa nimemng'ang'ania Mama mpaka akakubali twende wote. Tulishuka kutoka kwenye baridi ya milima yetu hadi kwenye msitu wenye joto, ambako mvua ilinyesha na jua halikufika chini. Kila tulipovuka kijito, Mama alichuchumaa na kulowesha zile nyuzi kabla hata hajanywa maji yeye mwenyewe.

Omate tulikuta bonde lote limepinduliwa. Kapita, msimamizi wa wachimbaji, alitupeleka ukingoni. "Tulimuzika pale, Mama," alisema akinyoosha mkono, "lakini nyuma ya siku kidogo walipanua machimbo. Ule udongo wote walihamisha."

"Na yeye? Walimupeleka wapi?"

Kapita alivua kofia. "Sijui, Mama. Unisamehe."

Mama alishuka kwenye matope. Alitembea huku na huku akiita jina la Papa kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita mtoto aliyejificha. Baba mdogo alimfuata na kumwambia, "Mama Sifa, panda tu hapa ao pale. Iko udongo moja." Mama akatikisa kichwa. "Kesho watachimba na hapa." Tulirudi na tawi letu.

Lilifika nyumbani limenyauka, chini limeanza kuoza. Mama alikata sehemu iliyooza mpaka akaona nyama nyeupe, akalilaza kivulini mpaka kidonda kikauke, kisha akapaka majivu. Alitoboa debe chini kwa msumari, akachanganya mchanga wa kijito na majani yaliyooza, akapanda. Mama mmoja wa kanisa alishtuka: "Hii iko muti ya kaburi! Utaweka kaburi mu nyumba?" Mama alimjibu polepole, "Ndiyo hapa atakaa. Hana fasi ingine ya kulala."

Alinifundisha kuingiza kidole kwenye udongo kabla ya kumwagia maji. Kikitoka na unyevu, nisubiri, kwa sababu mmea huu huuawa na maji kuliko kiu. Alinionya nisiusogeze juani, maana jua kali lingechoma majani. Majani ya zamani yalianguka moja moja, tukabaki tunatunza kijiti. Watu walimhurumia Mama. Nadhani walifikiri akili imeyumba. Kisha asubuhi moja niliona ncha ya kijani imetokeza ubavuni. "Mama, imechipuka!" nilipiga kelele kwa furaha. Alikuja, akapiga magoti, akaigusa kwa kidole. Nilingoja acheke. "Basi," alisema, "sasa amezikwa." Akalaza paji la uso kwenye ukingo wa debe na kulia mpaka blauzi yake ikalowa.

Mmea ulikua hadi ukagusa paa. Mama alikata kichwa chake, akakipanda upya, na kisiki kikatoa vichwa viwili. Alipofariki, uzee umemjia vizuri, tuliupanda kwenye kaburi lake. Mizizi ilikuwa imejaa debe hata ikabidi tulikate bati kwa panga.

Siku hizi watu huzika kwa saruji. Mume wangu amezikwa Lushebere, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeusi, na nikiwa na neno la kumwambia ninajua pa kukaa. Watoto wangu wakinikuta pale ninalia, hudhani ninamlilia baba yao, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi ninamlilia Mama, ambaye siku ile ya Omate alikuwa kijana kuliko wao walivyo sasa, na hakuachiwa hata mahali pa kulilia.