Laptopu Iliyokuwa Haijatoka

Nilifika Karatu kwa lori tupu. Lilikuwa limetoka Dodoma kwenda kuchukua vitunguu Mang'ola, na dereva wake alinipandisha kwa sharti moja: nisilale, nimpigie stori. Nikampigia. Nilikuwa nazo nyingi, maana kabla ya Dodoma nilikuwa nimekaa Iringa, na kabla ya Iringa Mbeya, ambako nilisoma kompyuta kidogo, na kabla ya Mbeya Tunduma, ambako sikusoma chochote. Kondoa tulikwama mchangani, tukachimba magurudumu kwa majembe ya kuazima. Babati tulilala ndani ya lori mvua ikipiga turubai lisilofunika kitu. Vumbi lililokuwa limenijaa masikioni likageuka tope.

Nilikuwa nakwenda nyumbani, Rombo. Makuyuni ndipo nilipotakiwa kushuka nipande gari la Arusha. Dereva akasimama, hakuzima injini. Nikaifikiria sebule ya kwetu na maswali yatakayonipokea humo: umerudi na nini, umejenga wapi, unaoa lini. Nikamwambia dereva twende tu huko kwenye vitunguu.

Karatu kulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea. Watu walivaa makoti mchana. Lori likakaa pale likisubiri barabara ya Mang'ola ikauke, na mimi nikizurura barabara kuu nikaona duka la stesheneri lenye karatasi mlangoni inayotaka mtu wa kuchapa. Mwenye duka alikuwa mama wa Kichaga, mnene, mwenye kicheko cha puani. Alinipokea kwa maswali mawili.

"Kuchapa unajua?"

"Najua, mama."

"Na kukaa?"

Nikasema najua pia. Lori likafuata vitunguu vyake bila mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kwa mtu mwenye makalio. Asubuhi nilichapa barua za watu na mitihani ya shule, nikatoa kopi, nikapiga leminesheni vyeti. Kuanzia saa tisa mchana magari ya watalii yalianza kuteremka kutoka Ngorongoro, na hapo ndipo duka lilipopata uhai. Wageni walikuja na kamera ambazo kadi zake zimejaa simba na vifaru, wanataka picha zihamishiwe kwenye sidii ili kadi ziwe tupu kwa safari ya kesho. Nilichoma sidii mpaka jioni. Niliona kreta nzima kupitia kioo cha kompyuta: ukungu kwenye kingo, nyumbu wamejipanga, fisi amelala kwenye dimbwi. Niliona pia kambi za mbali, Serengeti, Loliondo, Ziwa Natron. Wote hao walikuwa wamefika huko na kurudi, mimi nimekaa kwenye kiti kilekile chenye mto wa sponji.

Kompyuta ile ilikuwa kubwa, nzito, imefungwa kwa nyaya kwenye ukuta kama mbuzi kwenye kigingi. Umeme ukikatika, nayo inakufa, na miaka ile umeme ulikatika sana. Wageni walisimama dakika chache, wakatazama saa, wakaondoka na kadi zao zilizojaa. Mama alikuwa na jenereta lakini aliiwasha kwa uchungu.

Aliyenitia wazimu wa laptopu alikuwa dereva mmoja wa watalii, kijana wa Arusha, mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alinieleza kwamba kule Engaresero, kwenye kambi za Ziwa Natron, wageni hukaa jioni nzima wamechoka kupanda mlima, kadi zimejaa, na hakuna hata mmoja wa kuwahamishia picha. Mtu mwenye laptopu na mfuko wa sidii tupu angeweza kuzunguka na magari, kambi hii leo, ile kesho, akala chakula cha kambi, akalala hemani. Madereva wangembeba bure kwa sababu wageni wakifurahi, bakshishi nayo hunenepa.

Tangu siku hiyo sikukaa tena kwenye kile kiti. Nilikuwa nimekalia ukingo wake tu.

Akiba yangu haikuwa benki. Ilikuwa na miguu minne. Usiku safu yetu ya maduka ililindwa na Mmaasai wa Engaresero, mtu mrefu, wa umri wangu, aliyekuja kila jioni kuchajisha simu yake kwenye soketi yetu. Tukawa marafiki. Aliniita olchore, rafiki, na akikasirika aliniita Mchaga. Siku moja aliniona nikikunja noti na kuziweka kwenye soksi, akasikitika kweli.

"Hela yako imelala tu, olchore. Mpe ng'ombe aitembeze."

Basi nikanunua mtamba mnadani, mwekundu, mwenye doa jeupe begani, naye mlinzi akampeleka kwao kwa mguu pamoja na wengine. Masharti yalikuwa mepesi: ng'ombe wangu, maziwa ya nyumba. Nilielewa. Kwetu Rombo pia tunaweka ng'ombe kwa watu. Anafungwa bandani, analetewa majani, ananenepa, na siku ya shida mwenyewe anakuja na kamba. Nilidhani ni kitu kilekile.

Ndipo zikaanza habari za laptopu mpya. Wageni waliacha majarida ndani ya magari, na yule dereva aliniletea kama mtu anayeleta gazeti la michezo. Kampuni moja kubwa ya huko nje ilikuwa inabadilisha umbo la laptopu zake zote. Hakuna aliyekuwa ameiona. Kulikuwa na picha za kuchora tu, na watu wakibishana kurasa nzima. Itakuwa nyembamba. Itakuwa nyepesi, mtoto anaibeba. Betri itakaa siku nzima. Herufi zitawaka zenyewe gizani. Hili la betri lilininyima raha kabisa. Nilisoma sentensi moja mara tatu, nikaenda kusimama mlangoni, nikarudi kuisoma tena.

Na bei. Kila jarida lilikuwa na bei yake. Moja lilisema itaanzia juu, jingine likasema kampuni inataka kuuza nyingi kwa hiyo itashuka, na kwamba zile za zamani zitatupwa kwa bei ya hasara. Mimi na dereva tulizigeuza bei hizo kuwa ng'ombe, kwa sababu ndiyo hesabu tuliyoweza kuifanya bila kalamu: hii ng'ombe mmoja na mbuzi, ile ng'ombe na ndama wake.

Alitokea mwalimu wa kijiji cha Daa aliyetaka kuniuzia yake, ya kizamani, nene kama tofali. Ilikuwa nzima. Dereva akanivuta pembeni.

"Mwanangu, tulia. Anayenunua sasa hivi ananunua maiti."

Nikatulia, kama kutulia ndiko kule. Usiku nilitembea barabara kuu mpaka mwisho wa taa na kurudi. Mchana nilimuuliza kila mgeni kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kama huko kwao imeshatoka. Wengine hawakuelewa kwa nini mchapaji wa Karatu anajua habari hiyo kuliko wao. Mama alinitazama kwa muda, halafu akawaambia wateja, mimi nikisikia, kwamba kijana wake anachumbia msichana ambaye hajazaliwa.

Mlinzi peke yake hakuona ajabu. Kwao watu husubiri ndama na wachumba ambao hawajazaliwa, ndiyo kazi yao. Kila jioni aliniuliza, "Bado?" nami nikamjibu bado, nikamuuliza mtamba wangu, naye akanijibu kwamba ana mimba. Msimu wa mvua ukapita. Mtamba akazaa, jike. Laptopu bado.

Ilitoka. Nilijua siku dereva aliposimamisha gari mbele ya duka akashuka amevua miwani. Nyuma yake alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu, na dereva alimwingiza dukani kama mshenga. Mgeni akafungua begi, akaitoa, akaiweka mezani kwangu.

Sitasema haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba kama sahani ya bati, baridi mkononi, na kweli nilipoweka kivuli cha kiganja juu yake herufi zikawaka. Mama alitoka nyuma ya kaunta kuitazama. Mgeni alinipa niishike. Nikaigeuza taratibu, nikapitisha kidole ubavu wa kulia, wa kushoto, mbele, nyuma. Nikarudia tena.

Nikamuuliza sidii inaingilia wapi.

Akasema haina. Alieleza kwa upole kwamba wameiondoa ili iwe nyembamba, na kwamba watu hawatumii sidii tena, picha unazituma tu kwa mtandao. Mtandao wetu siku hiyo ulikuwa ukifungua barua pepe moja kwa muda wa kunywa chai. Kisha akataja bei aliyonunulia, na yule dereva aliyeniambia itashuka akageuka kuangalia gari lake. Ilikuwa ng'ombe wangu, na ndama wake, na ng'ombe mwingine ambaye sikuwa naye.

Mama alimsubiri mgeni atoke.

"Haya, kazaliwa," akasema. "Mzuri, sikatai. Ila hana mikono."

Hata mimi nilicheka. Lakini jambo moja kwenye yale majarida lilikuwa kweli: za zamani zilishuka. Wiki hiyohiyo mtafiti mmoja aliyekuwa akikaa hoteli ya juu, anayekaribia kurudi kwao, alitangaza anauza yake, nene, yenye mdomo wa sidii, betri ya saa mbili. Mwalimu wa Daa alishauza ya kwake zamani. Bei ya hii ilikuwa sawasawa na ng'ombe mmoja mzuri mnadani. Mtafiti angeondoka Jumamosi.

Mlinzi alikuwa likizo kwao. Nikapanda gari lililopeleka vyakula kambini, tukateremka Mto wa Mbu, tukashika vumbi la kaskazini, na alasiri nikawa Engaresero, kwenye joto linalotoka chini kama pumzi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga mahali nilipopaota zaidi ya mwaka, na sikupatazama. Nilimtafuta mtu wangu, nikamkuta, nikamweleza kabla hajanipa hata kigoda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa.

"Ng'ombe ni wako," alisema. "Lakini siyo mimi ninayemtoa."

Akanieleza, polepole, kama mtu anayeeleza njia. Siku mtamba alipofika bomani, mke wake mdogo alikuwa hana ng'ombe wa kukamua na alikuwa na mimba. Kwa hiyo alimpa mke huyo amtunze. Mtamba alipozaa, mke ndiye aliyemkamua, asubuhi na jioni, na mtoto wake alikua kwa maziwa hayo. Ng'ombe akishakuwa wa kibuyu cha mke, mume hamchukui hivihivi. Hata yeye mwenyewe akimtaka, anakwenda kuomba.

"Si ulisema maziwa ni ya nyumba?"

"Nyumba ni ya nani, olchore? Kila mke na nyumba yake."

Jioni mifugo ikarudi. Nilimtambua kwa doa la begani. Alikuwa amekuwa mkubwa, mwenye kiwele, na alikwenda mwenyewe hadi mlango wa nyumba ya mke mdogo akasimama. Mke akatoka na kibuyu, mtoto ameshika shuka lake. Akakamua, kisha mumewe akamweleza kwa Kimaasai. Aliuliza maswali machache. Alitaka kujua kama ng'ombe anaumwa, akaambiwa haumwi. Akataka kujua kama nikipata hiyo mashine nitahamia hapo karibu. Nikasema hapana, nitakuwa nazunguka, leo hapa, kesho kwingine.

Alifunga kibuyu kwa kifuniko chake cha ngozi. Alijua Kiswahili kidogo, na alikitumia.

"Basi wewe unatembea," akasema. "Ng'ombe abaki."

Hakusema kwa ukali. Mumewe akaniambia kwamba nikisisitiza, ataniombea usiku kucha na asubuhi mke atakubali, maana haki ni yangu. Mke mdogo atarudi kuazima maziwa kwa mke mkubwa, kama zamani. Alisema hivyo, akaniachia mimi niamue.

Nililala nje kwenye ngozi, au niseme nililala macho. Nilimfikiria mtafiti akifunga mabegi yake. Nilifikiria kambi zote zile, meza zote za kukunja ambazo ningeweka laptopu yangu. Karibu na alfajiri nilimsikia mtoto akilia ndani, mama yake akiamka, kibuyu kikigonga kitu. Kulipokucha nikanywa chai yenye maziwa ya ng'ombe wangu, nikamwambia rafiki yangu asimwombe mtu yeyote. Nikarudi Karatu bila kamba mkononi.

Sikwenda hata hotelini. Nilikaa kwenye kiti, wateja wakaja, nikachoma sidii zao. Kisha umeme ukakatika, na katika ule ukimya nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa mji huu muda mrefu kuliko mwingine wowote, na kilichonikalisha si kazi wala baridi yake. Ni kusubiri tu. Nilikaa kwa ajili ya kitu kilichokuwa hakijatengenezwa. Sasa kimetengenezwa, kimekwisha.

Mama hakushangaa nilipomuaga. Alisema alijua tangu siku ya kwanza kwamba sijui kukaa, ila alitegemea nitaondoka na kitu begani zaidi ya lile begi. Akanifungia chapati. Mlinzi, aliyekuwa amesharudi kutoka likizo, alikuja stendi mchana kwa ajili yangu, amevaa shuka jipya, akanipa mkono na kuniambia ng'ombe wako yupo, usimsahau.

Basi la Arusha lilikuwa limeshaanza kusogea lilipopishana na gari la yule dereva, lililokuwa likipeleka wageni Ngorongoro. Aliniona dirishani, akapunguza mwendo, akatoa kichwa nje.

"Mwanangu! Wanasema mwakani inakuja nyingine, ndogo, ya bei ya chini kabisa!"

"Bei gani?" nikauliza, kabla sijajizuia.

Alijibu. Nilimwona akijibu, hata vidole akavinyoosha. Lakini injini ilikuwa inanguruma, kondakta anapiga bodi, na magari yetu yalikuwa yameshapishana.