Nyama Niliyompa Iguana wa Tororo

Nimekana kwa miaka mingi, na leo nakiri: aliyemlisha nyama yule iguana wa Tororo ni mimi. Si mpishi.

Niliripoti kazini katikati ya miaka ya sitini, nikiwa na shahada ya tiba ya mifugo na viatu vilivyonibana. Nilijiandaa kwa ng'ombe wenye ndigana, homa inayoletwa na kupe. Badala yake Daktari Mkuu wa kliniki alinituma kwa bibi mmoja wa Kizungu nikamtazame mjusi wake: iguana wa kijani, mrefu kama mkono wangu, miiba mgongoni, aliyeletwa kwa meli kutoka Amerika. Shahada yangu ilikuwa haijawahi kukutana naye.

Mpishi wa nyumba ile, Mzee Owori, alimlisha majani ya kunde na maua ya boga. Mnyama alinawiri.

"Huyo ni kenge aliyesafiri tu," Daktari Mkuu aliamua bila kuinuka kitini. "Kenge hula kuku. Mpe nyama ya kusaga na yai kila siku, apate protini."

Nilipompelekea agizo hilo, Mzee Owori alicheka. "Dokta, wewe nasoma mpaka Nairobi, lakini mavi hujasoma. Angalia: majani tupu, kama ya mbuzi. Kenge ya kwetu naiba kuku. Huyu, kuku napita mbele yake, yeye naangalia maua!"

Nilijua anasema kweli. Lakini nilikuwa katika miezi ya majaribio, mwanamke pekee pale klinikini, na nilimwogopa bosi kuliko nilivyompenda mnyama. Nikampa nyama kwa kijiko. Akala, nami msomi nikauita huo ushahidi.

Vidole vyake vikavimba, akaanza kuburuta miguu. "Ongeza yai," bosi akasema. Bibi alipouliza kulikoni, akamjibu kwa mkato, "Mpishi wako anamlisha vibaya." Bibi, ambaye hakuwahi hata kuchungulia bakuli la mnyama, akamfukuza Mzee Owori siku hiyohiyo. Mzee alinitazama, akingoja niseme neno. Bakuli la nyama lilikuwa mkononi mwangu. Akarudi kijijini kwao Osukuru na godoro kichwani. Wiki iliyofuata iguana akafa.

Nimestaafu, na hasira haijastaafu. Ni upuuzi gani huu, mwenye cheo kujua chakula cha mnyama kuliko anayemwona akila? Vijana wakiniomba siri ya kazi, nawaambia watazame kinyesi kabla ya kutazama uso wa bosi. Nawaambia kwa ukali, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo.

Miezi michache baada ya iguana kufa nilihamishiwa karantini ya Busia, wanakozuiliwa ng'ombe wa kuvuka mpaka hadi ithibitike ni wazima. Huko ndiko simu ilinikuta. Alikuwa mtaalamu wa Nairobi ambaye bibi alimpelekea mzoga.

"Figo zimejaa chembe nyeupe," alisema. "Ni jongo, Daktari, maradhi ya viungo kuvimba kwa protini kupita kiasi. Mnyama huyu ni wa majani maisha yake yote; nyama ndiyo iliyomuua. Bibi anasema mpishi alimlisha vibaya. Ni yeye aliyempa nyama?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi alistahili kufukuzwa. Asante kwa ukweli wako."