Loretta Haugen, Mwalimu wa Kusema "Panauma"

Saa mbili asubuhi, mjini Ogallala, Nebraska, Loretta Haugen anawasha kompyuta katika ofisi ya kaunti inayohudumia wanajeshi wa zamani. Mbele yake Wendell Stroud, aliyekuwa askari wa miamvuli, anasugua magoti. Uamuzi wa rufaa yake ya fidia ya ulemavu umetoka. Ukiwa mbaya, Jumatatu anarudi kubeba magunia ya chakula cha ng'ombe kwa mgongo ule ule.

"Soma basi, Sajini, presha itaniua!"

"Tulia. Uliruka kutoka kwenye ndege, leo kiti kinakushinda?"

Loretta, sajini wa zamani aliyeendesha malori ya jeshi, amekuwa akiwasaidia wenzake kudai haki zao kwa miaka kumi na tisa. Adui yake mkubwa, anasema, ni kiburi cha askari.

Stroud ni mfano hai. Kwenye uchunguzi wa kwanza daktari alimwambia ainame. Mzee akainama mpaka akagusa viatu, akakunja na magoti, jasho likimtiririka, kisha akasema, "Niko fiti, daktari." Akakadiriwa ulemavu wa asilimia kumi tu, na fidia kidogo ya kiwango hicho.

"Jeshini ukienda zahanati unaitwa mvivu," anasema Loretta. "Ndiyo maana hawa wanadanganya huku wamesimama wima! Mimi nawafundisha kusema kweli tu. Panapouma, komea hapo, sema panauma."

Walifanya mazoezi humu humu ofisini. Jolene, mkewe Stroud, akaandika ushahidi wa jinsi mumewe anavyoshuka ngazi kinyumenyume. Kwenye uchunguzi wa pili Stroud aliinama akaishia katikati, akasema kweli.

"Asilimia hamsini," Loretta anasoma.

Stroud anapiga ukelele hadi watu wa ofisi ya pili wanachungulia. "Magunia kwaheri! Abebe bosi mwenyewe!"

Loretta anashika ukingo wa meza ili ainuke akampongeze. Uso unamkunjamana, na Stroud anauona.

"Sajini, na mgongo wako una asilimia ngapi?"

"Kumi. Niko fiti."

Kweli mganga hajigangi.

"Fiti? Haya, inama!"

Loretta anainama huku akicheka. Vidole vinafika magotini, vinakwama.

"Panauma," anasema taratibu. Kisha machozi na kicheko vinamtoka pamoja. "Jamani, panauma kweli!"

Jumatatu wawili hao watakutana tena hapa kuandaa rufaa ya Loretta. Stroud ameahidi kuja na donati, na ameonya kwamba mazoezi yatakuwa makali.