Aliyecheka Ndiye Anayefundisha

Yalikuwa maji ya kuoshea mifagio. Yalinimwagikia kichwani saa ya chakula, nimefumba macho mbele ya sahani yangu, hata amina sijaifikia. Nikasikia nyapara wa godauni akiigiza sauti ya mchungaji: "Nakubatiza kwa jina la gunia." Wanaume wakaangua kicheko. Nilipofumbua macho, niliyemwona kwanza hakuwa nyapara na ndoo yake. Alikuwa karani wa mizani, kaegemea mlango, mabega yanamtikisika kwa kucheka. Karani huyo ni mzee wa kanisa letu. Jumapili iliyotangulia ndiye aliyenipa kikombe cha Bwana.

Nirudi nyuma kidogo, mtu asije akadhani nililianzisha mimi.

Godauni hilo la nafaka liko Changamwe, nami nimechagua maharagwe humo tangu ujana wangu. Niliishia darasa la tano, na kutenga mbegu nzima na mbovu hakuulizwi cheti. Mwaka juzi rundo la magunia liliporomoka likanifukia. Walionifukua walidhani wanatoa maiti. Mguu wa kushoto haujanyooka tangu siku hiyo, lakini mimi ni mzima, na niliporudi kazini nilisema wazi kwamba Yesu ndiye aliyenitoa. Sikuhubiri. Nilisema mara moja, basi, kisha kila mchana nikawa nashukuru kwa chakula, kwa sauti ya chini.

Aliyeona jambo hilo ni la kuchekesha ni nani? Nyapara, yule yule aliyeamuru magunia yapandishwe juu kupita kawaida. Mtu mwenye haya angekuwa ananikwepa. Yeye akanipachika jina, Mama Muujiza. Kila nikipita nachechemea: "Mama Muujiza, huyo Yesu wako alivuta mguu mmoja, wa pili akausahau?" Siku nyingine ananiagiza nimwombe ashushe biriani, maana maharagwe yamewachosha. Na kundi lake lacheka, hata wasiojua wanacheka nini.

Nilinyamaza miezi minane. Karani wa mizani alikuwa akisikia yote, na kila mara aliinamia daftari lake kama mtu aliyepotewa na hesabu. Mimi mjinga nilidhani anaona uchungu kwa ajili yangu.

Sasa siku ya maji. Nilichofanya sikifichi. Niliiokota ile ndoo nikaitupa miguuni pa nyapara, nikamwambia, "Maiti huoshwa kwanza ndipo huzikwa. Wewe ulinizika mwaka juzi, leo ndiyo wakumbuka kuniosha? Hata ushenzi huujui mpango wake."

Akainua mkono. Hapo akaingia kati mwenzangu wa Likoni, mama Muislamu tuliyekalia naye mkeka mmoja miaka yote hiyo. Alinifunika kwa leso kavu aliyojitanda, kisha akawageukia wale wanaume, taratibu, bila kupaza sauti.

"Wallahi, dini yake siifuati. Lakini mwanamke yu hai, mwamwosha nyinyi wanaume? Hamkuzaliwa na mama?"

Kicheko kikakatika. Karani akakohoa, akarudi kwenye mizani yake.

Jumapili nikaenda kanisani nikijua nitafarijiwa. Wapi! Baraza la wazee lilikuwa limeshaletewa habari: dada yetu amepigana kazini, ametukana, ameliaibisha kanisa mbele ya watu wa dini nyingine. Aliyepeleka ni karani. Kuhusu maji hakutaja hata tone. Nikatengwa na meza ya Bwana, nikaambiwa nirudishe kitambaa cha kichwa cha chama cha kina mama na nikae benchi la nyuma mpaka nitubu. Nitubu nini, hakuna aliyenifafanulia.

Haikutosha. Mwezi huu kanisa limeanzisha mafundisho baada ya ibada: Mkristo ajibu vipi akidhihakiwa kwa imani yake. Na mwalimu aliyechaguliwa ni nani kama si karani huyo huyo! Husimama mbele, koti limepigwa pasi, akituambia tunyamaze, tutabasamu, tuwaombee wanaotucheka. Kunyamaza sihitaji kufundishwa. Na kutabasamu kwake nilikuona mwenyewe, mpaka gego la mwisho. Mimi ningempa somo fupi kuliko lake: mwenzako akichekwa, ondoka mlangoni, nenda ukasimame kando yake. Yule mama wa Likoni alilijua bila kuhudhuria darasa la mtu.

Jumapili iliyopita karani aliuliza kama kuna swali. Nikainua mkono. Akaniona, akatazama dirishani, akasema tufunge kwa sala.

Basi swali langu naliandika, kwa kuwa benchi la nyuma halipewi nafasi ya kusema. Mzee, siku ile ulicheka au hukucheka? Kama ulicheka, kwa nini kitambaa kimetoka kichwani pangu na kikombe kimebaki mkononi mwako? Na mchungaji pia ajibu, maana nilimweleza habari yote kwa mdomo wangu mwenyewe, akaniambia niwe na subira. Subira ninayo. Kuombewa sitaki. Nataka mzee asimame mbele ya washirika wote, aseme ndiyo au la, kabla hajamgawia mtu mwingine yeyote meza ya Bwana.