Marehemu Anayepiga Pasi

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025, asubuhi, msichana wa miaka kumi na sita ambaye ukoo mzima unamwita Kiwembe alisimama mbele ya wasomaji wa maktaba ya mtaa wao kutoa maoni juu ya vitabu vitatu alivyovisoma karibuni. Cha tatu kiliandikwa na mjomba wake. Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, kavaa suti aliyoishona mwenyewe.

Maktaba hiyo ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi za nyumba, na siku za joto vitabu hunuka tapentaini. Ina desturi yake. Anayerudisha kitabu haulizwi kama amekichana au amekimwagia chai. Mkutubi, mwanamume mwembamba ambaye miwani yake imeshikizwa na uzi, humuuliza kilikuwaje. Kwa miaka mingi watu walijibu "kizuri" na kushuka ngazi. Kiwembe alipoanza kufika hapo, kimo chake kikiwa bado hakijazidi meza, alilijibu swali kama lilivyoulizwa, na foleni iliyokuwa ikinung'unika nyuma yake ikanyamaza kusikiliza. Mwishowe mkutubi akamtengea Jumamosi moja kila mwezi aseme mbele ya wote. Watu huja. Wapo ambao hawajamaliza kitabu tangu waache shule. Wanakuja kuona leo nani ananyolewa bila maji.

Jina alipewa na huyo huyo mjomba. Ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mafundi hutumia kiwembe kufumua mshono uliokwenda kombo. Mpwa wangu, alisema siku moja akiwa na pini mdomoni, hawezi kupita penye mshono uliopinda akauacha. Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kusoma. Alimchorea herufi kwa chaki ya fundi juu ya vipande vya kitambaa cheusi vilivyobaki mezani, na mtoto akazisoma moja moja kabla hazijapanguswa.

Miaka yote hiyo, wateja wakishaondoka, mjomba alikuwa akiandika hadithi juu ya meza ile ile ya kukatia. Inahusu mafundi wawili washirika na koti moja linalopotea. Aliiandika kifundi. Kila sura aliipima iwe na urefu sawa na nyingine, ijae karatasi moja kubwa ya mchapaji ikishakunjwa, isizidi wala isipungue. Namba za kurasa alizikataa, na za sura pia. Mchapaji alipomshauri aziweke, alijibiwa kwamba msomaji si mwanafunzi wa kuhesabu kilichobaki kabla ya kengele.

Mchapaji alileta karatasi zimekunjwa tayari, kila sura fungu lake. Kazi ya kuzipanga ilifanyika nyumbani, nyuma ya duka la mjomba, kwenye meza ya kulia chakula. Mafungu yaliwekwa safu mbili, na wanafamilia wakaizunguka meza mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akichukua mkunjo mmoja kutoka kila fungu, mpaka kitabu kimetimia mkononi. Mjomba alikaa pembeni na shazia, ile sindano ya kushonea magunia, akishona migongo. Mwenye kushona huangalia tundu, haangalii maneno.

Nakala zilitoka. Kinyozi wa jirani alichukua, mwalimu mkuu anayeagiza sare akachukua, maktaba ikapata yake. Sifa zikaja. Kinyozi alisema kizuri sana. Mwalimu mkuu alisema kina mafunzo. Mama yake Kiwembe, dada wa mjomba, karani wa mapokezi katika zahanati, alisema amelia.

Ndipo mjomba akamwambia mpwa wake kwamba Jumamosi inayokuja angependa kusikia lake, hadharani kama vitabu vya watu wengine. Asimpendelee.

Kiwembe alikisoma akipenda kila ukurasa hadi karibu na katikati. Pale kitabu kikamponyoka. Alikirudia tangu mwanzo, taratibu, akitumaini kosa ni lake. Halikuwa lake. Alibaki na kitabu mapajani, akijua yaliyo mbele yake. Akiusema ukweli, atamfedhehesha mbele ya wateja wake mtu aliyemfundisha herufi. Akidanganya, mjomba huyo huyo atajua, maana anaijua sauti yake kama anavyoujua mlio wa cherehani yake.

Jioni alimwendea mama kuomba ushauri, akamkuta akinyoosha blauzi ya kazini.

"Sema kizuri, ukae," mama alisema.

"Na wakiniuliza kizuri wapi?"

"Hawatauliza. Mimi nani aliniuliza?"

Kiwembe akamtazama. "Mama, ulilia wapi?"

"Mwishoni."

"Mwishoni wanacheka, mama."

Mama aliigeuza blauzi na kuendelea na upande wa pili. Nimekianza tu, alisema hatimaye. Wagonjwa wa zahanati hawampi mtu nafasi.

Kwa hiyo Jumamosi ile Kiwembe alipanda ngazi za duka la rangi. Alianza na vitabu vya watu wa mbali.

Cha kwanza kilikuwa cha upelelezi. Jaladani kuna mwanamke kashika bastola. Ndani, alisema, hamna mwanamke na hamna bastola. Yupo mpelelezi mmoja anayewasha sigara kila anapokosa la kufanya, na anakosa la kufanya mara nyingi sana. Muuaji alimjua mapema, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyeelezwa viatu vyake. Hata hivyo hakuweza kukiweka chini, na hilo lilimuudhi zaidi. Watu wakacheka.

Cha pili kilikuwa cha mapenzi. Binti anapendwa na daktari, na ana kikohozi. "Daktari anamsikiliza moyo kurasa zote hizo," Kiwembe alisema, "hamsikilizi kifua hata siku moja. Mimi ningemshtaki." Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha karibu na dirisha alijifuta machozi ya kicheko kwa kanga ya mtoto. Kiwembe akangoja watulie, kisha akasema barua ambayo binti anamwandikia dada yake ni nzuri kuliko kitabu chenyewe, na mwenye haraka asome hiyo tu.

Kisha akakichukua cha tatu. Wengi waligeuka kumtazama fundi, naye alikuwa akizitazama kucha zake.

"Hiki nimekisoma mara mbili," alisema. "Mwanzo wake sijapata kuona. Wale mafundi wawili wanavyogombana kuhusu dirisha lipi lifunguliwe, nilidhani niko dukani kwetu. Niliwapenda. Halafu yule mmoja akafa, akazikwa, nikalia kweli."

Aligeuza ukurasa.

"Sura inayofuata anapiga pasi."

Hakuna aliyecheka. Kiwembe akaendelea kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta. Alitafuta kama ni ndoto, hapakuwa na ndoto. Alitafuta kama ni mzimu, lakini mzimu haulalamiki kwamba mkaa umekwisha. Marehemu anaishi sura kadhaa, ana afya kuliko wazima. Na karibu na mwisho anatokea bibi mmoja na kitambaa anataka ashonewe koti, wakati koti hilo hilo watu wameshalivaa, wameshaligombania na limeshachanika kwapa.

"Mjomba, samahani," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nguo hupimwa kwanza. Hapa koti limekatwa baada ya kuvaliwa. Sijui kwa nini umefanya hivyo, na sikukipenda kuanzia hapo."

Fundi alisimama. Ni mtu mfupi, na suti ile ilimfanya aonekane mfupi zaidi.

"Mimi sijamfufua mtu," alisema.

"Umemfufua, mjomba."

"Wapi?"

"Baada ya makaburini."

"Baada ya makaburini kuna mvua, halafu mnada wa vitu vya duka. Nimeandika mwenyewe, nisijue?"

Alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti na kutoa nakala yake, ya kwanza kabisa aliyoishona, aliyotembea nayo tangu siku ile. Akaja nayo mbele. Wawili hao walivilaza vitabu mezani ubavu kwa ubavu, mkutubi akainamia katikati, na wakaanza kufungua sura kwa sura. Za mwanzo zililingana. Kisha kwenye kitabu cha mjomba akaingia bibi mwenye kitambaa, na kwenye cha maktaba wakaingia wachimba kaburi.

Mkutubi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mikunjo miwili imebadilishana mahali, alisema. Bibi amekwenda kukaa makaburini, na makaburi yamekuja kukaa kwa bibi.

Mjomba aligeukia safu za viti. Aliuliza, kwa upole tu, nani kati ya waliosoma amekutana na marehemu anayepiga pasi. Kinyozi akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala. Mwalimu mkuu aliangalia feni ya darini kwa makini, kama mtu anayetaka kuinunua. Mama yake Kiwembe alikuwa zamu zahanati, na huenda ilikuwa bahati yake.

Waliokuwepo walitarajia fundi akasirike. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya mkutubi na kushusha pumzi iliyosikika hadi dirishani, kisha akaanza kucheka mabega yakitikisika. Baadaye alieleza kilichomchekesha. Tangu nakala zitoke alikuwa akipewa sifa, na kila sifa ilimnyima usingizi. Hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza koti lilichukuliwa na nani. Swali hilo ndilo hadithi yenyewe. Msomaji hawezi kufika mwisho asiulize. Akaanza kuamini kwamba kitabu hakina kitu, kwamba watu wanakisoma hadi mwisho na hakiwagusi. Hakuwahi kufikiri kwamba hawakisomi. Kulijua hilo, alisema, kulikuwa sawa na kuambiwa na daktari kwamba uvimbe ni jipu tu.

Kiwembe naye alikuwa amekwenda kumvunja mjomba wake, na kumbe amekwenda kumfumulia.

Yaliyobaki yaligunduliwa mchana, nyumbani, na bibi ndiye aliyeyatoa, mama mzazi wa mjomba. Alisimuliwa kisa chote akiwa anachambua mchele. Aliuliza meza ilikuwa imepangwaje. Wakamwonyesha kwa vijiko. Bibi akaweka sinia katikati ya vijiko, akatazama, akakumbuka.

Siku ya kupanga, kazi ikiwa imefika nusu, alikuwa amewaletea chai. Meza imejaa karatasi. Akayaondoa mafungu mawili ya katikati, moja kila safu, akayaweka kitini, akatua sinia. Watu wakanywa. Kisha akalirudisha kila fungu mahali pake, au palipoonekana ni pake.

"Sasa mlitaka sinia niiweke kichwani?" aliuliza.

Hapo kila kitu kikakaa sawa. Nakala za kabla ya chai ni nzima, na ya mjomba ilikuwa ya kwanza kabla ya zote. Za baada ya chai zina marehemu anayepiga pasi. Mjomba alimwambia mama yake asijali, kwani angeweka namba za kurasa kama alivyoshauriwa, hata mtoto angeona. Bibi alimjibu kwamba hajali, na kwamba mtu mzima anayeandika kitabu kisicho na namba anahitaji chai zaidi, si kidogo.

Mama alirudi kutoka zamu akakuta kicheko bado hakijaisha. Alipoelezwa, alimwomba kaka yake nakala ya kabla ya chai. Yupo sasa kwenye ugomvi wa dirisha. Anakisoma zahanati, chini ya kaunta.

Alasiri hiyo hiyo Kiwembe alikaa kwenye kigoda dukani na nakala nzima ya mjomba. Mjomba alijifanya anashona vifungo. Alivishona vingine mara mbili. Msichana alisoma hadi makaburini, akalia tena, safari hii mahali panapostahili, akapita kwenye mnada, akamaliza, akafunga kitabu.

"Koti alilichukua nani?" aliuliza.

Mjomba aliweka sindano chini. Hatimaye mtu kaniuliza, alisema.

Kisha Kiwembe akasema yaliyobaki. Kitabu ni kizuri, hasemi hivyo kwa sababu ni cha nyumbani. Ila sura ya mvua ni ndefu mno. Mvua yenyewe ilinyesha muda mfupi kuliko hiyo sura. Ni kwa sababu ilibidi ijae karatasi, sivyo? Mjomba alikiri kwamba ilibidi. Na yule bibi mwenye kitambaa hana jambo lolote analolitaka ila koti, wakati watu wote huwa na mawili.

"Hayo ni mishono yangu," mjomba alisema. "Hayo nayakubali. Ya sinia sikuyakubali."

Siku zilizofuata alizunguka mtaani kukusanya nakala za baada ya chai. Kinyozi alitoa yake bila kubisha, jalada likiwa bado linang'aa. Mwalimu mkuu aliomba aachiwe kidogo, amefika mahali patamu. Alipoulizwa wapi, akairudisha. Nakala zote sasa zimerundikwa chini ya meza ya kukatia, migongo imefumuliwa, nyuzi zimechomolewa.

Jumapili familia itaizunguka meza upya. Mjomba atashona, mama atapanga, Kiwembe atasoma mstari wa kwanza wa kila sura kwa sauti kabla haijashonwa, na chai itanywewa jikoni. Jumamosi ya kwanza ya Septemba Kiwembe atasimama tena juu ya duka la rangi na kukisema kitabu kile kile tangu mwanzo, pamoja na mvua yake.