Mume Wangu Aliniambia Roketi Zake Ni za Hali ya Hewa

Admin, naomba jina langu lisionekane, rafiki za binti yangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, nesi mstaafu, niko Stockholm tangu usichana.

Miaka ya sabini niliolewa na Mtanzania mwenzangu aliyekuja huku kusomea uinjinia. Tukapanga nyumba mtaa wa Hagsätra, tukajaliwa binti. Mume alipomaliza masomo, nchi moja ya mbali ikampa kazi. Akaniambia wanatengeneza roketi za kupima hali ya hewa. Nikabaki na mtoto na zamu zangu za hospitali, yeye anakuja likizo. Nilijivunia sana.

Likizo moja tulimkaribisha rafiki yake Mganda, injinia pia. Tukiwa tunakula, mume akasimulia kwa furaha kwamba roketi yao mpya imefika mbali kuliko zote. Mganda akaacha kula.

"Ndugu yangu, ya hali ya hewa inapanda juu. Hii yenu mnataka ifike mbali ya nini?"

Mume akacheka, akageuza mazungumzo. Mgeni alipoondoka nikambana.

"Ni makombora, mke wangu. Ya masafa ya kati. Kazi yangu mimi ni yasipotee njia tu."

"Yanakwenda wapi?"

"Tunapewa umbali tu. Jina la mji hatupewi."

Na mimi wakati ule nilikuwa nauguza wodi ya walioungua moto. Nikamwambia achague, kazi ile au sisi. Akafunga sanduku lake, akaenda.

Binti yetu amekua akijua baba alikuwa anapima mvua, na mama ndiye aliyevunja nyumba. Nilinyamaza ili asimchukie baba yake.

Sasa mzee, baba yake, amerudi Stockholm, anaishi peke yake mtaa wa Hässelby, macho hayaoni vizuri. Binti anataka nimchukue kwangu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, kwamba baba hakukosa lolote, mwenye roho mbaya ni mimi. Juzi nilimfuata mzee, nikamsihi amwambie mtoto ukweli kwa mdomo wake. Akanishika mkono, analia.

"Niache nife akiwa bado ananipenda."

Nimechoka, wanangu. Hata hasira sina tena. Nikisema, namvunja binti yangu. Nikinyamaza, nitazikwa na lawama isiyo yangu. Jumapili wananisubiri wote wawili nyumbani kwa mzee, niwape jibu. Nikifika pale mlangoni, niseme nini?