Mwanamke wa Kwenye Wimbo wa Wim

Kuna wimbo mmoja wa kantri unaowaliza watu Brussels nzima, nami unanichefua. Unasimulia mume aliyeachwa kwenye kituo cha Gare du Midi, mke akapanda treni bila hata kugeuka. Mke huyo namjua. Ni Victorine, msusi wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, anayenisuka mimi miaka yote. Na wimbo wenyewe ni uongo mtupu!

Victorine alipanda treni ya kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa anakwenda Likasi, mkoani Katanga kule Kongo, kumzika mama yake. Mumewe, Donat, alipewa likizo ya msiba na kiwanda cha magari kule Forest, kabla hakijafungwa. Mkwe gani wa Katanga hukosa matanga ya mama mkwe kwa hiari yake? Donat! Likizo aliimalizia baa. Kusema ukweli akaona haya, akamwambia Wim, fundi mwenzake mwenye gitaa, kwamba mkewe kamtoroka. Wim akaamini, akatunga.

Victorine aliporudi, jina lake lilikuwa limeshachafuka. Donat alipewa pole na bia za bure, yeye akaambulia minong'ono. Akanyamaza, eti asimwaibishe baba wa binti yake, Larissa. Nilimgombeza, hakunisikia.

Mwezi uliopita wazazi wa Mwamba, mchumba wa Larissa, walikuja kumposa, nami nilialikwa. Maman Thérèse, mama yake Mwamba, akaweka kikombe chini.

"Maman, batu banasema ule mwanamuke wa mu wimbo ni wewe. Bon, mama akikimbia bwana, mutoto naye atafanya nini?"

Posa ilikuwa inavunjika mbele ya macho yetu, na Donat anatazama viatu vyake. Hata hapo! Nilitamani kumrushia sambusa.

"Nilienda kuzika mama yangu," Victorine akasema. "Donat, sema wewe mwenyewe ulikuwa wapi."

"Kazi ilikuwa mingi…"

"Congé ya matanga balikupatia! Ulikuwa ku bar!" Victorine akamkatiza.

Donat hakukana. Thérèse akamgeukia.

"Donc, belle-mère, mama ya bibi yako, anakufa, wewe unakunywa? Alors unaacha batu bakulilie wewe?"

Kisha akahamia kwenye kochi la Victorine, akamshika mikono yote miwili.

"Mambo ya ndoa tutaongea kisha. Pole ya mama, maman."

Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumpa pole ya msiba ule. Victorine akaanza kumlilia mama yake.